Mkutubi wa afya aitwe kabla andiko la utafiti halijafika kamati ya maadili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakuu wa vyuo vya afya, waganga wafawidhi wa hospitali za rufaa na wajumbe wa kamati za maadili ya utafiti. Andiko la utafiti likifika mezani, maswali huwa mengi: fomu ya ridhaa iko wapi, sampuli imekokotolewaje, damu itahifadhiwa wapi, nauli ya washiriki inalipwa na nani. Sura ya mapitio ya maandiko hupita kimya kimya. Ina kurasa za kutosha na marejeleo ya kutosha, basi inahesabiwa imekamilika. Ni nadra mtu kuuliza makala hizo zilitafutwa wapi, lini, kwa maneno gani na nani alizitafuta. Swali hilo likiulizwa, majibu mengi yatakuwa mawili tu: Google, na makala alizonipa msimamizi wangu.

Ninachoomba ni kwamba kila andiko liambatishwe karatasi moja ya utafutaji, na karatasi hiyo ipitiwe na mkutubi wa afya kabla kamati haijakaa.

Anayeona jambo hili ni la kuongeza makaratasi akumbuke yaliyotokea Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwaka 2001. Mwanamke wa miaka 24, mzima wa afya, alijitolea kushiriki katika utafiti wa pumu. Alivutishwa dawa iitwayo hexamethonium, mapafu yake yakaharibika, na mwezi Juni akafariki. Mtafiti alikuwa ametafuta taarifa za usalama wa dawa hiyo katika vitabu na katika PubMed, kanzidata ya makala za tiba kwenye mtandao, ambayo wakati ule iliishia mwaka 1966 ukirudi nyuma. Makala zilizoeleza madhara ya dawa hiyo kwenye mapafu zilitoka miaka ya 1950, ilipokuwa ikitumika kutibu shinikizo la damu. Zilikuwapo kwenye rafu na kwenye fahirisi za karatasi. Mwezi Julai serikali ya Marekani ilisimamisha karibu tafiti zote za binadamu zilizokuwa zikifadhiliwa kwa fedha zake chuoni hapo. Kujua kila kanzidata inaanzia mwaka gani, na nini kimebaki nje yake, ni sehemu ya kazi ya kila siku ya mkutubi wa afya. Mtafiti bingwa wa mapafu hana sababu ya kulijua hilo, na hakuna aliyemtaka aulize.

Leo PubMed inarudi nyuma hadi miaka ya 1940 na ina rekodi zaidi ya milioni 37. Shida imegeuka: vitu ni vingi mno, na anayetafuta vibaya bado hupata orodha ndefu, hivyo hajui kwamba amekosa. Tuchukue mfano wa karibu. Mwanafunzi wa uzamili anataka kujua kama hydroxyurea inawakinga watoto wenye selimundu dhidi ya kiharusi. Anaandika swali lake kama alivyolitamka, anapata matokeo, anachukua makala za ukurasa wa kwanza.

Mkutubi huanza kwa kuligawa swali: mgonjwa ni nani, anapewa nini, analinganishwa na nani, tunapima nini. Kisha hufanya jambo linalowashangaza wengi: hicho kinachopimwa, yaani kiharusi, hukiacha nje ya utafutaji. Ikisiri ya makala hutaja matokeo makuu tu. Jaribio lililopima maumivu, malaria na kiharusi linaweza kutaja maumivu pekee kwenye ikisiri, kiharusi kikabaki ndani ya jedwali. Ukilazimisha neno hilo liwepo, jaribio hilo hutaliona kamwe.

Zinabaki dhana mbili, ugonjwa na dawa, na kila moja huandaliwa orodha ya visawe. Kwa ugonjwa kuna "sickle cell", kuna "HbSS", kuna "hemoglobin S" na "haemoglobin S", kwa sababu Wamarekani na Waingereza hawaandiki neno hilo kwa herufi zile zile, kuna "drepanocytosis", na kuna "drépanocytose", maana watafiti wa Congo na Burundi huandika pia kwa Kifaransa. Kwa dawa kuna "hydroxyurea" na kuna "hydroxycarbamide", ambalo ndilo jina lake la kimataifa. Mwanafunzi aliyefundishwa wodini jina la kwanza hana habari na la pili.

Maneno hayo peke yake hayatoshi. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, inayoendesha PubMed, ina orodha ya vichwa vya mada iitwayo MeSH, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1960 na kurekebishwa kila mwaka. Humo ugonjwa wetu umewekwa chini ya "Anemia, Sickle Cell", na ukitumia kichwa hicho PubMed huchukua pia matawi yake, ikiwemo hali ya kubeba kinasaba bila kuugua. Faida yake ni kwamba makala hupatikana hata kama mwandishi alitumia neno lisilo la kawaida. Udhaifu wake ni kwamba makala mpya kabisa, na zile zilizomo PubMed bila kuwa sehemu ya MEDLINE, yaani ile sehemu yake ya majarida yaliyochaguliwa na kupangiwa vichwa, hazina vichwa hivyo. Isitoshe, tangu mwaka 2022 upangaji wa vichwa umekabidhiwa kompyuta, na binadamu hukagua baadhi tu. Kwa hiyo hutumika vyote viwili, kichwa cha mada na maneno ya kawaida yanayotafutwa kwenye jina la makala na ikisiri, vikiunganishwa kwa OR, yaani "au". Anayetumia MeSH peke yake anapoteza makala za miezi ya karibuni. Anayetumia maneno peke yake anapoteza zile zilizoandikwa kwa lugha ya watu wengine.

Hapo ndipo makosa madogo madogo huingia, na yanastahili kutajwa moja moja kwa sababu ndiyo sisi wakutubi tunayokutana nayo zaidi kuliko yote. AND (na), OR (au) na NOT (siyo) ziandikwe kwa herufi kubwa katika PubMed. Mabano ni ya lazima: anayeandika hydroxyurea AND sickle cell OR drepanocytosis ataletewa kila kitu kinachohusu drepanocytosis, hata kisichogusa dawa hiyo, kwa sababu kompyuta inasoma kutoka kushoto kwenda kulia na haijui nia yake. Alama za kunukuu nazo zina bei. Bila alama hizo PubMed yenyewe huoanisha neno lako na kichwa cha mada na tahajia nyingine. Ukiziweka, au ukiweka alama ya nyota mwishoni mwa neno ili ichukue miisho yake yote, msaada huo huzimika. Kwa hiyo aliyeandika "sickle cell anaemia" ndani ya alama za kunukuu amejifungia upande wa tahajia ya Waingereza. Nyota yenyewe lazima itanguliwe na herufi zisizopungua 4, na ikatwe mahali sahihi: sickl* ni nzuri, lakini sick* italeta kila aina ya maradhi duniani. Tangu Novemba 2022 PubMed inaruhusu pia kutafuta maneno yaliyo karibukaribu, kwa mfano maneno mawili yasiyotenganishwa na zaidi ya maneno 3, ila njia hiyo haiendi pamoja na nyota.

NOT tunaikwepa. Aliyeandika NOT adults akitaka watoto tu ameondoa kila makala yenye watoto na watu wazima pamoja, nazo ndizo nyingi. Vichujio vya umri na vya "binadamu" pembeni mwa ukurasa vina kosa la aina hiyo hiyo: vinategemea vichwa vya MeSH, kwa hiyo makala isiyo na vichwa hutupwa nje bila onyo lolote.

Halafu kuna jina la nchi. Karibu kila andiko linalokuja lina neno "Tanzania" ndani ya utafutaji. Nia ni njema, lakini mwandishi wa makala anaweza kuwa ameandika Mwanza, au Zanzibar, au Afrika Mashariki, au hakutaja mahali kabisa kwenye ikisiri. Na ushahidi mkubwa unaomhusu mtoto wa Tanzania huenda haukukusanywa Tanzania. Jaribio la REACH kuhusu hydroxyurea kwa watoto wenye selimundu, lililotoka mwaka 2019 katika New England Journal of Medicine, lilifanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Aliyedai neno "Tanzania" liwepo hakulipata, ingawa mazingira ya Kilifi na ya Tanga hayana tofauti ya kumfanya daktari asite. Pale ambapo nchi ni lazima kweli, kwa mfano kwenye takwimu za maambukizi, zinaandikwa nchi zote husika, na mikoa na miji mikubwa, pamoja na kichwa cha MeSH cha Afrika kusini mwa Sahara, ambacho huchukua nchi zote zilizo chini yake.

PubMed si pekee. Majarida mengi ya Afrika hayamo MEDLINE, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lina African Index Medicus, inayotafutwa bure kupitia Global Index Medicus. Kuna African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998 na yenye makao yake Afrika Kusini. Kuna hazina za tasnifu za vyuo vyetu wenyewe, ambako mara nyingi utakuta mtu alishafanya utafiti ule ule miaka michache iliyopita katika wodi ile ile. Kwa majaribio ya tiba kuna Cochrane, ambayo maktaba yake hufunguka bure kwa wasomaji wa nchi zenye kipato cha chini. Embase ni nzuri kwa madhara ya dawa lakini ni ya kulipia, na kama chuo hakina, iandikwe wazi kwamba haikutafutwa. Google Scholar inafaa kufuatilia nani ameirejelea makala fulani. Kuitegemea kwa utafutaji mkuu haifai: inaonyesha matokeo 1,000 tu hata ikisema imepata laki moja, na mpangilio wake hauwezi kurudiwa na mtu mwingine kesho.

Kabla ya kuridhika, mkutubi huujaribu utafutaji wake. Huchukua makala chache ambazo mtafiti anazijua tayari kuwa ni za mada hiyo, kisha huangalia kama zimo kwenye matokeo. Ikikosekana moja, anaifungua rekodi yake kuona ni neno gani lililoiacha nje. Kisha mkutubi wa pili hukagua kazi ya wa kwanza, na kwa hilo upo mwongozo wa kimataifa uitwao PRESS, toleo la mwaka 2015, unaouliza kuhusu tafsiri ya swali, mabano na viunganishi, vichwa vya mada, maneno ya kawaida, tahajia, na vichujio. Ukaguzi huu hauhitaji watu kukaa chumba kimoja. Mkutubi wa Moshi anaweza kumkagulia wa Mwanza kwa baruapepe.

Karatasi ninayoiombea nafasi ichukue basi mambo yafuatayo: kila kanzidata na mtandao ilikotafutwa, tarehe, kauli ya utafutaji ilivyo neno kwa neno ikiwa imenakiliwa kutoka kwenye skrini na si kuandikwa upya kwa kumbukumbu, idadi ya rekodi zilizopatikana, vichujio na sababu zake, na idadi iliyobaki baada ya kuondoa nakala zinazojirudia. Anayefanya mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya na kupima tafiti zote za swali moja kwa utaratibu uliowekwa, atahitaji zaidi ya hapo. Mwongozo wa PRISMA-S wa mwaka 2021 una vipengele 16 vya utafutaji peke yake, na majarida mazuri yanavidai. Faili ghafi kutoka kila kanzidata litunzwe kabla halijaguswa. PubMed haitoi zaidi ya rekodi 10,000 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo utafutaji mkubwa hugawanywa kwa miaka. Asiyejua hilo huhesabu 10,000 akidhani ndizo zote.

Kuhusu nakala zinazojirudia, programu ya kutunza marejeleo iitwayo Zotero ni ya bure na inatosha. Ila isiachwe iamue yenyewe. Makala mbili zenye jina moja zinaweza kuwa ikisiri ya mkutano na makala kamili, na ripoti mbili za jaribio moja si nakala. Tunaunganisha kwanza zenye DOI ile ile, yaani namba ya kudumu ya utambulisho wa makala, kisha tunakagua kwa macho zilizobaki.

Nije kwenye upatikanaji, maana kilio cha kawaida ni kwamba makala zinauzwa. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha Hinari, ambayo leo ni sehemu ya Research4Life. Tanzania iko Kundi A, yaani taasisi zake hazilipi chochote. Wanaosajiliwa ni taasisi, si mtu mmoja mmoja: chuo, hospitali, kituo cha utafiti, ofisi ya serikali. Hospitali ya wilaya nayo inastahili, na hili wengi hawalijui. Daktari anayetafuta kwenye Google, akabofya, akaombwa dola 30 au zaidi, hajanyimwa makala. Amepita mlango usio wake. Mchapishaji hamtambui mpaka aingie kwanza kwenye tovuti ya Research4Life kwa akaunti ya taasisi yake, kisha afuate kiungo cha jarida kutoka humo.

Mambo yanayoharibika hapa yanajulikana. Nywila anakaa nayo mtu mmoja. Akistaafu, inaondoka naye, na taasisi inaendelea kuamini kwamba "Hinari haifanyi kazi". Au nywila inarushwa kwenye kundi la WhatsApp, inafika kwa watu wa nchi nyingine, mtu anaweka programu ya kupakua jarida zima, na mchapishaji anaifungia taasisi. Mkataba unakataza mambo yote hayo mawili. Dawa yake ni kuwa na wasimamizi wawili walioandikishwa kwa baruapepe za ofisi, kubadilisha nywila kila mwaka wa masomo unapoanza, na kuandika kwenye barua ya makabidhiano ya mkutubi anayeondoka kwamba akaunti hiyo ni mali ya taasisi kama ilivyo funguo ya stoo.

Kazi nyingine isiyoonekana ni kukagua kama makala bado iko hai. Makala ya mwaka 1998 ya The Lancet iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji ilibatilishwa Februari 2010, na bado hutajwa na watu wasiojua. Wakati wa korona, Juni 2020, The Lancet na New England Journal of Medicine yalibatilisha kwa siku moja makala zilizotegemea data za kampuni moja ambazo hazikuweza kuthibitishwa. Zotero huweka alama nyekundu makala iliyobatilishwa, na tangu mwaka 2023 orodha ya makala zilizobatilishwa ya Retraction Watch inapatikana bure kupitia Crossref, shirika linalosajili DOI. Ukaguzi ufanyike mara mbili: siku ya kuchagua makala, na tena wiki ya kukabidhi kazi. Mkaguzi wa tasnifu akigundua kabla yako, maelezo hayatamridhisha.

Sasa wameongezeka wanaoleta orodha ya marejeleo iliyotungwa na programu za akili unde. Hizi zinatisha kwa sababu zimevaa sura ya kweli: waandishi wapo duniani, jarida lipo, mada inaeleweka, ila makala yenyewe haijawahi kuandikwa. Kuzibaini si kazi ngumu ukijua pa kushika. Weka DOI kwenye doi.org, ikikataa, hilo ni jibu, na ikifungua makala nyingine kabisa, hilo pia ni jibu. Usiishie kuona kwamba DOI imefunguka. Linganisha jina la makala na mwandishi wa kwanza. Kisha angalia juzuu na mwaka. Jarida linalotoa juzuu moja kila mwaka haliwezi kuwa na juzuu ya 48 mwaka 2015 na juzuu ya 41 mwaka 2019. Programu hizi hukosea hapo mara nyingi. Mwisho, tafuta jina zima la makala ndani ya alama za kunukuu katika PubMed na African Journals Online. Marejeleo 40 hukaguliwa hivyo kwa nusu siku, na tukikuta moja la uongo tunarudisha orodha yote, kwa sababu aliyenakili moja bila kulisoma hakuyasoma mengine.

Majarida ya kitapeli yamekwisha kuandikwa sana, nami sitayarefusha. Niseme tu jambo moja linalowakosesha hata maprofesa: makala kuonekana PubMed si ushahidi kwamba jarida lake limekaguliwa. PubMed hubeba pia makala zilizowekwa na waandishi kwa masharti ya wafadhili wao, bila kujali zilichapishwa wapi. Cha kuangalia ni orodha ya majarida ya Maktaba ya Taifa ya Tiba, ambako imeandikwa wazi kama jarida linaingizwa MEDLINE kwa sasa au la. Ulinganishe na namba ya ISSN, ambayo ni utambulisho wa jarida, kwa sababu yapo majarida yanayoiba jina la jarida halali.

Wapo watakaosema wakutubi wetu hawana uwezo huo. Baadhi hawana, na sababu inajulikana: hospitalini mkutubi huajiriwa kutunza chumba cha vitabu, na kuna mahali ndiye anayebandika matangazo ya vikao na kutunza funguo za ukumbi. Huwezi kumpa mtu kazi hiyo miaka mingi kisha ukashangaa hajui MeSH. Mafunzo yapo. Research4Life hutoa kozi za mtandaoni bila malipo. Chama cha Maktaba na Taarifa za Afya Afrika, AHILA, kipo tangu mwaka 1984, na kongamano lake ndipo wakutubi wa nchi zetu hukutana na kukaguliana kazi. Ombi la nauli ya kwenda huko ndilo la kwanza kukatwa kwenye bajeti. Wanafunzi wa ukutubi wa Bagamoyo wanaweza kufanya mazoezi ya vitendo katika maktaba za hospitali, na wasiishie maktaba za mikoa na shule.

Faida yake haiko kwa watafiti peke yao. Mwaka 1971 Gertrude Lamb, katika Chuo Kikuu cha Missouri huko Kansas City, alianza kuwapeleka wakutubi kwenye raundi za wodini pamoja na madaktari, wakisikiliza maswali na kurudi na majibu. Uchunguzi uliofanyika Rochester, New York, na kuchapishwa mwaka 1992 ulikuta kwamba asilimia 80 ya madaktari walioomba taarifa maktaba walisema ziliwafanya, au huenda ziliwafanya, wabadili jambo fulani katika kumhudumia mgonjwa. Na kwa upande wa mapitio ya kimfumo, uchunguzi wa mwaka 2015 katika Journal of Clinical Epidemiology ulionyesha kwamba yale yenye mkutubi miongoni mwa waandishi yalieleza utafutaji wake kwa ubora zaidi.

Hapo linakuja suala la jina, ambalo huleta maneno ofisini. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina masharti manne ya uandishi: kuchangia kwa uzito katika ubunifu wa kazi au data zake, kuandika au kurekebisha maudhui, kuidhinisha nakala ya mwisho, na kuwajibika kwa yaliyomo. Mkutubi aliyejenga utafutaji, akauendesha, akaandika aya ya mbinu na kuisoma rasimu ya mwisho anayatimiza, na jina lake liwemo. Aliyetafutiwa nakala tatu za makala amshukuru mkutubi mwishoni, inatosha. Yakubaliwe siku ya kwanza, kwa maandishi.

Vyuo visisubiri waraka wa wizara. Kurugenzi ya masomo ya uzamili inaweza kuongeza karatasi hiyo kwenye fomu zake muhula ujao, na kuanza na mapitio ya kimfumo na utafiti wowote wa kumpa binadamu dawa au kifaa, kabla ya kuwageukia wengine. Mwanafunzi aje maktaba na swali lake likiwa limeandikwa kwa sentensi moja, na makala 3 hadi 5 anazoamini ni za mada yake, si chini ya wiki 4 kabla ya tarehe ya kamati. Anayekuja Ijumaa akitaka majibu Jumatatu tutampokea, ila kwenye karatasi yake tutaandika kwamba utafutaji haukukaguliwa.

Mkutubi wa afya,
Dar es Salaam